Goma: Kaske tatu zinazofanana, na redio yenye pesa ya moja

GOMA, Kivu ya Kaskazini. Fostex T20RP, T40RP na T50RP zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Zote tatu zina vikombe vya kufunika masikio vya pembe nne, na ukizima taa utapata shida kuzitenganisha kwa kupapasa. Mfanyabiashara wa Birere aliyezileta kutoka Kampala, ndani ya katoni la vyombo vya studio vilivyokwisha tumiwa, alizipanga juu ya meza na kutaja bei moja: dola 120 kwa kila kaske. "Chagua, mukubwa, ni kitu kimoja," akamwambia fundi wa redio.

Fundi hakujibu. Redio yake ya jamii ilikuwa na dola 130, pesa ya matangazo ya matanga na ya harusi iliyowekwa kidogo kidogo tangu Noeli, na nyuma yake hakukuwa na nyingine. Ingenunuliwa kaske moja tu. Nayo ingevaliwa na watu wanne: fundi mwenyewe, mama wawili watangazaji, na kijana mmoja anayejifunza kazi.

Ni vizuri kusema mapema kwamba kusoma habari peke yake hakuhitaji kaske ya dola 120. Ile ya dola 10 ya sokoni inatosha, na redio nyingi ndogo zina deni la mafuta ya jenereta kabla ya kufikiria masikio ya fundi. Lakini redio hii ina kipindi cha jioni ambacho hakisomwi kwenye karatasi. Tangu vita vilipofika Sake mwezi wa pili 2024, familia zilijaa Bulengo, Lushagala na Rusayo, zikiongezeka juu ya zile zilizokuwa tayari Kanyaruchinya, na kila jioni redio ilikuwa inapitisha sauti za watu waliotafuta watu wao. Msalaba Mwekundu una kazi yake ya kuunganisha familia, na redio haijiweki mahali pake. Inasaidia tu sauti kufika haraka. Sauti hizo zilichukuliwa kwa simu au kwa kinasa sauti kidogo, chini ya bashi, mvua ikipiga, watoto wakilia, na jenereta ya mtu anayechaji simu ikivuma hatua kumi kutoka hapo.

Kilichosukuma redio kutafuta kaske ni jina la kijiji. Mama mmoja aliyelala Bulengo alipoteza mtoto wake wa miaka saba siku ya kukimbia, katika msongamano wa watu karibu na Mugunga. Baadaye akaambiwa kwamba mtoto alichukuliwa na mwanamke wa Kibati. Akaja akasema hivyo mbele ya kinasa sauti. Fundi alisikiliza kwa kaske ya zamani, ile iliyofungwa kwa utepe pande zote mbili, akaandika kwenye karatasi ya mtangazaji: Kibabi. Mtangazaji alirudia ujumbe mara mbili, polepole, kama kawaida, ili wanaoandika waandike.

Wenye kuijua Kivu wanaelewa uzito wa herufi moja hapo. Kibati iko njia ya kaskazini, katika teritwari ya Nyiragongo, na watu wake wengi walikuwa Kanyaruchinya. Kibabi iko Masisi, na watu wa upande ule walikuwa wamelala magharibi ya mji. Katika kambi watu walikaa kwa kufuata walikotoka, kwa hiyo jina la kijiji ndilo lililokuwa anwani. Shangazi ya mtoto alisikia redio, akafunga kitenge, akazunguka Bulengo na Rusayo siku mbili akiuliza watu wa Kibabi. Mama mwenyewe hakuwa na betri jioni ile. Aliposikia ujumbe uliporudiwa siku ya tatu, alitembea mpaka redioni. "Mwanangu, mimi nilisema Kibati," akamwambia fundi.

Wakarudisha ile sauti kwenye spika kubwa ya studio, jenereta ya redio ikiwa imezimwa. "T" ilikuwepo. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Ujumbe ulisahihishwa jioni ileile, na mtoto alionekana Kanyaruchinya siku iliyofuata. Shangazi, miguu imemvimba, alisema tu kwamba Bulengo sasa anaijua bashi kwa bashi.

Kinasa sauti, basi, kilikuwa kimefanya kazi yake. Kusikiliza ndiko kulikoharibika. "T" ni pumzi fupi inayopasuka, na nguvu yake iko juu, kwenye sauti nyembamba. "B" ina mvumo wa chini. Jenereta nayo inavuma chini. Kaske mbovu inayokuza mvumo na kumeza sauti nyembamba inaipa "t" tumbo isilokuwa nalo, na sikio lililochoka linaandika "b".

Hapo ndipo kaske za Birere zilipoingia. Zote tatu ni za aina inayoitwa utando bapa. Katika kaske ya kawaida kuna koni ndogo inayosukumwa na koili iliyofungwa katikati yake, kama spika ya redio iliyofanywa ndogo. Katika kaske ya utando bapa hakuna koni. Kuna karatasi nyembamba sana ya plastiki yenye mistari ya shaba juu yake, imesimamishwa kati ya sumaku. Umeme wa sauti ukipita kwenye shaba, utando wote unasukumwa kwa pamoja, badala ya kusukumwa katikati na kungoja kingo zifuate. Fostex, kampuni ya Japani, imefanya kaske za namna hii tangu miaka ya 1970, na zile herufi mbili za RP ni kifupisho cha jina inaloupa utando wake. Baadhi ya kaske za utando bapa zina bei ya pikipiki. Hizi tatu ni kati ya zile ambazo redio ya mtaa inaweza kuzitamani bila kuchekwa.

Zinatofautiana kwa mgongo. T20RP mgongo wake uko wazi: sauti inatoka nje na kelele za nje zinaingia. T40RP imefungwa. T50RP iko katikati, imefungwa nusu na kuachwa wazi nusu. Kwa mtu anayesoma maandishi ya kwenye katoni, hilo ni jambo dogo. Kwa kazi, karibu ndilo jambo lote.

Pale dukani T20RP ilishinda papo hapo. Mfanyabiashara alichomeka simu yake, akaweka rumba, na kijana wa redio akaanza kutikisa mabega kabla gitaa la pili halijaingia. T40RP na T50RP zilisikika kama zimefunikwa blanketi. Watu wengi wangelipa hapo hapo na kwenda nyumbani.

Fundi alishuku jambo moja. Kwa nguvu ileile ya simu, T20RP ilikuwa inapaza sauti kuliko wenzake, na sikio la mwanadamu likisikia vitu viwili vinavyokaribiana linapenda kile kilicho juu, hata kama kingine ndicho kinachosema ukweli. Halafu simu yenyewe haikuwa hakimu mzuri. T50RP hiyo ina upinzani wa omu 50 na inatoa desibeli 92 kwa miliwati moja. Ili ifike desibeli 100 inataka zaidi ya miliwati 6. Hiyo si nguvu kubwa kwa meza ya kuchanganyia sauti ya studio, lakini baadhi ya simu zinahangaika kuifikia. Kaske ya aina hii ikilia kwa unyonge kwenye simu, usiseme ni mbovu. Ina njaa tu.

Akaomba azichukue zote tatu usiku mbili. Mfanyabiashara alikubali baada ya kupewa rehani ya dola 100 na kadi ya uchaguzi ya fundi, na mtu wa Kongo anayeacha kadi yake ya uchaguzi dukani ujue amekata shauri.

Redioni alianza na kusawazisha. Alikata kipande cha katoni, akatoboa tundu la upana wa mikro ya simu, akalaza kila kaske juu yake na kucheza mlio mmoja usiobadilika, huku programu ya kupima sauti kwenye simu ikihesabu. Kipimo cha simu si cha kuaminiwa kwa namba yenyewe, lakini kwa kulinganisha kaske na kaske, mahali palepale, kinafaa. Alipopata kiwango kimoja, alibandika utepe kwenye meza ya sauti, alama tatu, moja kwa kila kaske. Kuanzia hapo kila aliyesikiliza alisogeza kifungo mpaka kwenye alama, basi. Blanketi la T50RP likaondoka. T20RP ikabaki nzuri, lakini haikuwa tena mfalme.

Kisha wakacheza ile sauti ya mama wa Bulengo. Watu wanne, kaske tatu, taa imezimwa, kila mtu akiandika peke yake bila kuonyesha mwenzake. Wote wanne waliandika Kibati kwa kaske zote tatu.

Hilo lilifurahisha na likaleta shida. Kama zote zinasikia, utachagua kwa nini?

Kijana alikuwa na jibu lake. Alikuwa ameona video za watu wa Marekani na Ulaya wanaofungua kaske hizi, wanajaza pamba nyuma ya utando, wanabandika udongo wa kuchezea ndani ya kikombe, wanaziba matundu kwa utepe, wanabadilisha mito ya masikio. Si uzushi. T50RP inajulikana duniani kwa kuchokorwa kuliko kaske nyingine yoyote, na kuna mafundi waliofanya biashara nzima kutokana nayo. Dan Clark wa Marekani aliuza kaske zilizojengwa juu ya T50RP kabla ya kutengeneza za kwake kamili. Kijana akasema: tuchukue T40RP, tuifungue, tuiondolee besi inayozidi, tutapata kaske ya dola 500.

Fundi hakumcheka. Alimwomba ahesabu. Nani atapima kabla na baada, na kwa chombo gani? Katoni lenye tundu linatosha kusawazisha mlio mmoja, lakini haliwezi kukuambia pamba imekula nini na imeacha nini. Bisibisi ya chuma karibu na sumaku inavutwa, na utando ule ni mwembamba sana. Ukitoboka Goma, hakuna duka la kuuliza utando mwingine. Na hata kazi ikifaulu, itakuwa imefaulu kwa sikio la aliyefungua. Mama watangazaji wataikuta ina sauti ya kijana. Siku kijana akipata kazi Bunia au Kinshasa, pamba ikishuka kidogo upande wa kushoto, hakuna atakayejua kama hitilafu iko kwenye kaske au kwenye sauti ya mtu anayemtafuta mwanawe. Kaske isiyoguswa ina faida moja ambayo video hazionyeshi: kasoro zake zinajulikana, na ni zilezile kesho.

Sharti likawa hilo. Kaske itachukuliwa ilivyotoka kiwandani, na itachaguliwa ile ambayo haihitaji kurekebishwa kwa kazi hii, si ile ambayo ingekuwa nzuri kama ingefanyiwa hiki na kile. Watu wengi wanaokwama kati ya vitu vinavyofanana wanakwama kwa sababu wanalinganisha vitu vitatu vilivyo kwenye ndoto. Vilivyo mezani havigombani sana.

Usiku wa pili wakafanya jaribio ambalo kwa kweli ndilo lililoamua. Kila mmoja wa wale wanne alipewa sauti moja ya dakika mbili, ya mzee wa Masisi anayetafuta kaka yake, sauti nzito, upepo nyuma yake. Aliisafisha mara tatu kwenye kompyuta, kila mara kwa kaske nyingine, mpaka aridhike. Kisha zile sauti kumi na mbili hazikusikilizwa kwa kaske yoyote. Zilipitishwa kwenye redio ndogo ya betri, ile yenye spika ya upana wa kifuniko cha kopo la maziwa, iliyoazimwa kwa mlinzi. Redio ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa Bulengo. Hakuna anayesikiliza ujumbe wa familia kwa kaske ya dola 120.

Matokeo yalionekana hata kwa mlinzi, aliyekuwa amekaa mlangoni na kuanza kutoa maoni bila kuulizwa. Sauti zilizosafishwa kwa T40RP zilikuwa nyembamba, kama mzee anaongea ndani ya bomba. Sababu ni rahisi ukishaiona. T40RP ilivyotoka kiwandani inabeba besi nyingi. Anayesikiliza anaona sauti ya mzee imevimba, anapunguza besi, anaridhika. Lakini uvimbe ulikuwa wa kaske, si wa mzee. Alichopunguza amempunguzia mzee kweli, na redio ndogo isiyo na besi kabisa inamalizia kazi. T20RP ilifanya jambo hilohilo kwa kiasi kidogo, maana nayo ina besi iliyojaa, hata kama mgongo wake uko wazi. Ndiyo ile iliyomchezesha kijana dukani. Zile zilizosafishwa kwa T50RP zilitoka karibu na mzee alivyo. Si zote. Mtangazaji mmoja alikuwa amekata upepo kwa nguvu mno kwa kaske zote tatu, na hapo hakuna kaske ya kulaumiwa.

Kwa hiyo T50RP. Haikuchaguliwa kwa kuwa ndiyo tamu kuliko nyingine. Kusema kweli, kwa rumba ya jioni T20RP ni mwenzi mzuri zaidi, na anayetaka kaske ya nyumbani asidanganywe na habari hii. Ilichaguliwa kwa sababu inamsukuma mtu kufanya masahihisho machache zaidi.

Kuna mahali ambapo T40RP ingeshinda, na fundi alilikubali hilo mbele ya kijana. Kama kaske ingekuwa ya kuvaa kambini wakati wa kurekodi, mgongo uliofungwa ungezuia kelele za nje na kuzuia sauti ya kaske isirudi kwenye mikro. T50RP, kwa kuwa imeachwa wazi nusu, inavujisha. Lakini kinasa sauti chao kidogo kina nguvu ndogo ya kaske, na kutembea Bulengo na kitu cha thamani shingoni hakukuwa busara. Kambini waliendelea na zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, za dola 3, zinazoziba kama kizibo. Zilitosha kujua kama mikro inashika au haishiki. Hukumu ilifanywa studioni, usiku.

Siku za kwanza zilileta lalamiko moja ambalo halikuwa la kaske. Mtangazaji mmoja alisema haisikiki besi kabisa, mwenzake akasema inasikika vizuri. Mmoja anafunga kitambaa kichwani na mwingine hafungi. Mto wa kaske usipogusa ngozi pande zote, hewa inapita na besi inakimbia, na hilo linatokea hata kwa miwani yenye mikono minene. Kijana aliinua macho kana kwamba sasa pamba ingeruhusiwa. Mama akasukuma kitambaa nyuma ya masikio, basi ikaisha. Fundi alibandika karatasi ukutani: kitambaa nyuma ya masikio, kifungo kwenye alama ya utepe, mapumziko kila nusu saa. Hilo la mwisho ni kwa sababu kaske ni nzito kidogo na masikio yanatoka jasho, na mtu aliyechoka anaanza tena kuandika anachodhani.

Karatasi ina mstari wa nne unaohusu vumbi. Anayeishi Goma anajua kwamba ukipitisha sumaku juu ya mchanga mweusi wa lava, inarudi na ndevu. Chembe zile zikiingia kwenye kikombe chenye sumaku na utando, hazitoki kwa kupuliza. T50RP inalala ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba, juu ya rafu, na waya wake unachomolewa usipotumika. Waya huo unachomoka kwenye kikombe cha kushoto, jambo ambalo wengi hawaliangalii wanaponunua. Kaske nyingi za redio za jamii zinakufa kwa waya, na ukiweza kubadilisha waya bila kufungua kaske umeongeza maisha yake miaka.

Mfanyabiashara alirudishiwa mbili na kumrudishia fundi kadi yake. T40RP ilinunuliwa juma lililofuata na kiongozi wa kwaya mmoja wa Katindo, ambaye anairekodi kwaya ndani ya chumba kimoja na ngoma na alihitaji hasa mgongo uliofungwa. T20RP haijauzwa. Iko shingoni mwa mwenye duka, na anayepita Birere mchana anaweza kusikia rumba inavuja kutoka kwenye mgongo wake.

Dola 10 zilizobaki zilikwenda kwenye mafuta ya jenereta.